Nimesakinisha Python mara nne, kompyuta bado inasema haipo

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, nipo Singida, ndiyo naanza kujifunza lugha ya programu ya Python. Kompyuta yangu ina Windows 10. Nimeshusha Python 3.12 kwenye tovuti yake rasmi, nikasakinisha, mwishoni ikaandika "Setup was successful". Lakini nikiandika python kwenye lile dirisha jeusi la Command Prompt, linafunguka duka la Microsoft. Nikiandika python salamu.py naambiwa "Python was not found". Nikijaribu pip, ile ya kusakinishia vifurushi vya Python, inasema "is not recognized as an internal or external command". Nimeiondoa na kuirudisha mara nne mpaka bando limekata. Cha ajabu, IDLE, ile programu ya kuandikia msimbo inayokuja na Python, iliyopo kwenye Start, inafunguka bila shida. Nimeanza kuamini kompyuta yangu ni mbovu. Rafiki yangu mwenye Windows 7 ndiyo amekataliwa kabisa. Tusaidie.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usiiondoe mara ya tano. Kompyuta yako ni nzima na Python imo ndani, na ushahidi umeuleta mwenyewe: IDLE inaendeshwa na Python. Python isingekuwemo, IDLE isingefunguka. Nimefurahi umeitaja, maana wengi huacha kusema kile kinachofanya kazi wakaeleza kilichogoma tu, na mara nyingi jibu limelala kwenye kile kinachofanya kazi.

Kinachokusumbua ni kwamba dirisha jeusi halijui Python inakaa wapi. Ukiandika neno ukabonyeza Enter, Windows haipekui kompyuta nzima. Inaangalia folda uliyomo, kisha inapita kwenye orodha ya folda iitwayo PATH, moja baada ya nyingine kwa mpangilio wake. Ikikutana na programu yenye jina hilo inasimama hapo hapo na kuiendesha. Ikimaliza orodha bila kuiona, inakujibu kwamba haitambui. Ni kama mgeni anayeulizia nyumba kwa mjumbe. Jina lako lisipokuwa kwenye daftari la mjumbe, mgeni ataambiwa mtu huyo hakai mtaa huu, hata kama wewe umekaa barazani kwako unakunywa chai.

Ukisakinisha Python 3.12 kwa njia ya kawaida, inakwenda kukaa hapa:

C:\Users\jina lako\AppData\Local\Programs\Python\Python312

AppData ni folda iliyofichwa, ndiyo maana hata ukiitafuta kwa macho huioni. Pip nayo imo humo humo, kwenye folda ndogo ya Scripts. Folda hizo mbili haziingii kwenye PATH mpaka uweke tiki kwenye kisanduku kilichopo chini kabisa ya ukurasa wa kwanza wa kisakinishi, kilichoandikwa "Add python.exe to PATH". Kisanduku hicho huja bila tiki, na kitufe kikubwa cha Install Now kimekaa juu yake, kwa hiyo anayeanza anabofya kitufe na kuendelea. Nadhani ndivyo ulivyofanya mara zote nne, na mara zote nne kisakinishi kilikuambia kweli kwamba kimefanikiwa.

Sasa mbona python inakupeleka dukani, na pip haikupeleki? Hapa pana jambo la kujifunza. Kuanzia toleo la Windows 10 la Mei 2019, Microsoft waliweka faili dogo lenye jina python.exe kwenye folda ya WindowsApps, na folda hiyo tayari imo kwenye PATH. Faili hilo si Python. Ukiliita peke yake linafungua duka. Ukiliita pamoja na jina la faili lako, linasema Python haikupatikana. Pip haikuwekewa faili la namna hiyo, ndiyo maana Windows ilimaliza orodha yake bila kuona kitu ikakupa ule ujumbe mwingine. Ujumbe mbili tofauti, chanzo kimoja. Ukizoea kusoma ujumbe wa kosa neno kwa neno namna hii, utaokoa siku nyingi katika kazi hii.

Twende kwenye kurekebisha. Fungua Command Prompt upya, uandike:

py --version

Kisakinishi huweka pia programu ndogo iitwayo py, na hiyo huwa inapatikana hata kama hukuweka tiki. Ikikujibu Python 3.12 na tarakimu nyingine, unaweza kuanza kazi dakika hii hii bila kugusa mipangilio yoyote. Faili lako utaliendesha kwa py salamu.py. Badala ya pip install requests utaandika py -m pip install requests. Mimi hata pale pip inapopatikana napendelea njia hii ndefu, kwa sababu kompyuta ikiwa na Python mbili, nina uhakika kifurushi kinaingia kwenye ile ninayoitumia. Vijana wengi wanaonijia na kilio cha "nimesakinisha requests lakini Python inasema haipo" wamekiingiza kwenye Python nyingine bila kujua. Amri ya py --list itakuonyesha Python zote zilizomo.

Ukitaka neno python nalo likubali, kwa kuwa masomo mengi yanalitumia, nenda kwenye Settings, kisha Apps, utafute Python 3.12 na ubofye Modify. Kwenye dirisha litakalofunguka chagua tena Modify, bofya Next, weka tiki kwenye "Add Python to environment variables", halafu Install. Huhitaji kushusha upya zile megabaiti 25 hivi za kisakinishi. Kisha, na hapa ndipo wengi wanapokwama, funga dirisha jeusi ufungue jingine. Dirisha husoma PATH mara moja tu, wakati linapofunguliwa. Ukijaribu kwenye lile la zamani litakujibu vile vile, nawe utadhani marekebisho yameshindikana. Kama unatumia VS Code, ile programu ya kuandikia msimbo, ifunge yote uifungue tena, kwa sababu terminali (dirisha la amri) iliyo ndani yake inarithi PATH ya VS Code yenyewe.

Hakikisha kwa amri ya where python. Mstari wa kwanza ukiwa na Python312, umemaliza. Mstari wa WindowsApps ukitokea chini yake, uache, hauna madhara. Ukiwa ndio wa kwanza, ingia Settings, utafute App execution aliases, uzime python.exe na python3.exe zilizopo humo.

Jambo moja nakuomba sana usilifanye. Utakutana na mtu atakayekwambia uandike amri ya setx PATH ikifuatiwa na maneno mengi. Amri hiyo hukata chochote kinachozidi herufi 1024, na PATH ya kompyuta yenye programu nyingi hufika huko kwa urahisi. Nimewahi kukaa jioni nzima na mwenzangu kazini tukirudisha folda moja moja, baada ya amri hiyo kula nusu ya PATH yake. Programu ambazo hazihusiani kabisa na Python zilikuwa zimeacha kuitika. Kisanduku cha tiki kinafanya kazi ile ile kwa usalama.

Python ikishaitika, kuna mitego miwili itakayokungoja pale pale mlangoni. Ukiona alama >>> mwanzoni mwa mstari, ujue tayari umo ndani ya Python. Ukiandika hapo python salamu.py utapata SyntaxError, kwa sababu hiyo ni amri ya dirisha jeusi, Python haiielewi. Andika exit() utoke kwanza. Mtego wa pili ni Notepad: ukiandikia humo, faili linaweza kuhifadhiwa kama salamu.py.txt, na Windows huficha ile .txt ya mwisho, wewe unaona salamu.py tu. Andika dir ndani ya folda yako uone jina lake kamili. Na usilipe faili lako jina kama random.py au math.py, hayo ni majina ya moduli za Python yenyewe, utajiletea mgongano.

Rafiki yako wa Windows 7 hana kosa lolote. Python 3.8 ndiyo ya mwisho kukubali Windows 7, kuanzia 3.9 inataka Windows 8.1 au zaidi. Hata akipata njia ya kuipita hatua ya kusakinisha, itakuja kudai faili la api-ms-win-core-path-l1-1-0.dll. Watu humshauri mtu aende kulishusha faili hilo kwenye tovuti za mitaani. Asithubutu, ndiko virusi vinakopitia. Ashushe 3.8.10 kutoka tovuti rasmi ya Python, ambayo ndiyo ya mwisho katika familia ya 3.8 kutolewa na kisakinishi cha Windows. Haipati tena marekebisho ya usalama tangu 2024, kwa hiyo asiweke juu yake kitu cha kutumiwa na watu mtandaoni, lakini vitanzi, orodha na funksheni atajifunza bila kupungukiwa.

Na kama py --version nayo itasema haitambuliki, fungua hiyo IDLE yako, andika import sys, bonyeza Enter, kisha sys.executable. Itakuonyesha folda Python ilipo. Nitumie jibu hilo pamoja na jibu la where python, ukiyanakili kama maandishi, siyo picha ya simu, nione kila herufi.