Wanasema kiwanja cha ofisi ni cha baba yao

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji huku Morogoro. Tulianza kujenga ofisi ya kijiji kwenye eneo alilotupa mzee mmoja kwa mdomo tu, miaka mingi imepita na mzee ameshafariki. Juzi wanae wamekuja wamewasimamisha mafundi, msingi umeshafika kwenye jamvi na saruji inagandia stoo. Mwenyekiti anasema tuendelee, ardhi yote ni ya serikali. Ni kweli?

JIBU: Pole sana ndugu yangu, ila mafundi wapumzike kwanza. Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na Rais ndo mdhamini wake, hapo mwenyekiti yuko sawa, lakini haimaanishi kiongozi anaweza kuchukua shamba la mtu akasema ni la serikali. Na ardhi ya kijiji ina sheria yake, Namba 5 ya 1999, halmashauri yenu inaisimamia kwa niaba ya wanakijiji na haiwezi kumgawia mtu wala taasisi mpaka mkutano mkuu wa kijiji ukubali kwanza.

Kwa hiyo kafungueni kaunta buku za zamani mtafute muhtasari wa mwaka ule mzee alipotoa eneo, mara nyingi zipo kwa mtendaji zimeliwa na mchwa pembeni ila maandishi yanasomeka. Mkikuta jina lake na dole gumba mmepata pa kuanzia. Msipokuta, tafuteni wazee waliokuwepo, na muulizane toka siku ile nani alikuwa analitumia hilo eneo, kijiji kwa mikutano au familia kwa kulima mahindi, mana hilo litawabeba au litawaangusha.

Halafu kaeni na watoto wa marehemu, na mama yao kama yupo, msiende na mgambo tafadhali. Mkishindwana lipo baraza la ardhi la kijiji, wajumbe 7 na watatu kati yao wanawake, kazi yao ni kusuluhisha. Ikionekana eneo bado ni la familia basi fidia au kiwanja mbadala, hata kama msingi umeshakula hela za michango.

Hati ya miaka 99 msihangaike nayo, ofisi ya kijiji inabaki kwenye ardhi ya kijiji. Wangekuwa ni wilaya wanataka kujenga makao yao hapo ndo kungekuwa na uhaulishaji, yaani kuihamisha kutoka ardhi ya kijiji kwenda ardhi ya jumla, ile isiyo ya kijiji wala ya hifadhi, na fidia inakubaliwa kabla ardhi haijahama. Nyie mkielewana itisheni mkutano mkuu, pitisheni kwamba hilo ni eneo la matumizi ya pamoja, familia wasaini, liingie kwenye daftari la ardhi, mpande minyaa mpakani, ndo muwaite mafundi.