Naivasha au Duluti na watoto wadogo?

Dada, umeuliza uwapeleke wapi watoto wa miaka 4 na 7 kulala kwenye hema na kupiga kasia. Mimi ningeanza Duluti, pale Tengeru karibu na Arusha. Naivasha, ziwa la kule Kenya, ni pazuri, sibishi, lakini kuna viboko, na usiku hutoka majini kuja kula majani ufukweni. Mtoto anayeamka saa 8 usiku kutaka kukojoa, huko ni mtihani. Mkienda, laleni ndani ya uzio na kopo liwe hemani.

Duluti ni ziwa dogo la kreta, yaani shimo la volkano, msitu umelizunguka. Ingieni asubuhi kabla upepo haujachangamka. Kwenye jaketi la kuokoa maisha usikubali ubabaishaji: liwe la saizi ya mtoto, si la mtu mzima lililokazwa kwa kamba. Mvalishe, lifunge, kisha livute juu mabegani. Likipanda hadi masikioni, halimfai, omba jingine. Na wewe vaa. Mtumbwi ukipinduka huwezi kumshika mtoto huku unatapatapa. Saa moja majini yatosha, wetu mdogo baada ya hapo huanza kusimama mtumbwini.

Juni na Julai usiku ni baridi kweli. Watu hubeba mablanketi ya kujifunika wakasahau ya kutandika, wakati baridi inapanda kutoka ardhini. Chapati pikeni nyumbani, kule chemsheni chai tu.