Beba Moja: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Vyombo vya Hesabu

Safari hii tumekusanya barua zinazohusu vyombo vya kukokotolea, kuanzia abakasi, yaani fremu ya shanga za kuhesabia, hadi prosesa, kiini cha kompyuta kinachofanya hesabu. Barua ndefu tumezipunguza, na majina tumeyaacha.

Hamjambo wahariri. Nafundisha darasa la pili na nataka kutengeneza abakasi za wanafunzi. Naona zipo za shanga kumi kila waya, na nyingine shanga zake zimegawanywa juu na chini. Ipi inafaa, na mtoto afanyeje hesabu inapovuka kumi? – Mwalimu, Iringa

Hatujambo, Mwalimu. Ya shanga kumi inafaa kumfundisha mtoto kuhesabu. Kwa kukokotoa itamchelewesha, maana kila mara atalazimika kuzihesabu shanga moja moja. Tengeneza ya Kijapani, iitwayo soroban. Kila waya una ushanga mmoja juu ya mwamba wa kati, wenye thamani ya 5, na shanga nne chini yake, kila mmoja 1. Ushanga unahesabiwa pale tu unapogusa mwamba. Tarakimu yoyote, toka 0 hadi 9, mtoto anaitambua kwa kutupa jicho.

Spoki ya baiskeli ni waya mzuri: unene wake ni milimita 2 hivi na haipindi ovyo. Kama shanga zako zina unene wa milimita 10, acha milimita 52 kati ya mwamba na ubao wa chini, yaani shanga nne, nafasi ya mmoja kusogea, na upenyo kidogo. Upande wa juu acha milimita 21. Ukizidisha nafasi, shanga zitaishia katikati na mtoto hatajua kama zinahesabiwa au la. Abakasi nyingi za kujitengenezea zinaharibikia hapo. Tundu la ushanga lisizidi sana milimita 3, la sivyo ushanga utateleza wenyewe dawati likitikiswa. Spoki saba kwa kila mtoto zinatosha.

Sasa 8 + 7. Nane ni ushanga wa juu umeshushwa na shanga tatu za chini zimepandishwa. Saba haiingii kwenye waya huo, kwa hiyo mtoto ajiulize: saba inahitaji ngapi ifike kumi? Tatu. Ashushe tatu za chini kwenye mamoja, halafu apandishe mmoja kwenye makumi. Inabaki 1 na 5, kumi na tano. Mzoeshe utaratibu huohuo daima: kwanza anaondoa kijazo (namba inayokamilisha kumi, kama tatu kwa saba), ndipo anabeba moja kwenda makumi. Akianza na makumi, mara nyingi husahau kuondoa. Kidole gumba kipandishe shanga za chini. Kazi nyingine zote ni za kidole cha shahada.

Na asikudharau mtu kwa kufundisha chombo cha kale. Tarehe 12 Novemba 1946, jijini Tokyo, Kiyoshi Matsuzaki alishindana kwa soroban na askari wa Marekani, Thomas Wood, aliyetumia mashine ya umeme ya kukokotolea. Soroban ilishinda 4 kwa 1. Mashine iliambulia kuzidisha tu.

Mimi ni fundi saa. Nimeona picha ya mashine ya Pascal ya mwaka 1642. Kwenye saa, gurudumu moja huzungusha jingine kwa gia na kazi imekwisha. Kwa nini Pascal hakufanya hivyo, na kwa nini wanasema mashine yake haikuweza kurudi nyuma? – Fundi, Mombasa

Fundi, umegusa penyewe. Gia za saa zinakwenda pamoja muda wote: mkono wa dakika ukiwa katikati ya duara, mkono wa saa nao uko katikati ya tarakimu mbili. Kwenye hesabu hilo halikubaliki. Gurudumu la makumi lazima litulie palepale wakati la mamoja linatoka 0 hadi 9, kisha lisogee hatua moja kamili mamoja yanaporudi 0.

Utasema: basi weka jino moja refu linalosukuma gurudumu la pili kila mzunguko. Linafanya kazi, hadi utakapokutana na 999,999 ukaongeza 1. Hapo magurudumu yote sita yanatakiwa kusogea kwa mkupuo, na nguvu yote inatoka kwenye kidole kinachozungusha la kwanza. Meno yanakwama au yanavunjika.

Pascal alikuwa kijana wa miaka 19, akitaka kumrahisishia baba yake hesabu za kodi huko Rouen, Ufaransa. Aliweka kati ya gurudumu na gurudumu mkono mdogo wenye uzito. Gurudumu linapoelekea 9, vijiti vyake vinauinua mkono ule polepole. Likivuka kwenda 0, mkono unaachiwa, unaanguka, na kijino chake kinalipiga teke gurudumu linalofuata hatua moja. Nguvu ya kubeba imeshawekwa akiba kidogo kidogo, kwa hiyo kila gurudumu linasukumwa na uzito wake lenyewe. Gharama yake ni mbili. Mashine lazima ilale sawasawa mezani, kwa sababu inategemea kitu kuanguka. Na haizunguki kinyume, maana mkono ulioanguka hauwezi kunyanyuliwa kwa upande wa pili.

Kutoa, basi, kulifanyika kwa kijazo cha tisa. Jaribu 752 − 318. Kijazo cha 752 ni 999 − 752 = 247. Ongeza 318, unapata 565. Kijazo cha 565 ni 434, na hilo ndilo jibu. Juu ya madirisha ya mashine kulikuwa na kipande cha kuteleza kilichofunika safu moja ya tarakimu na kufunua ile ya vijazo, hivyo mtumiaji hakuhitaji kuvipiga hesabu kichwani. Kompyuta ya leo inatoa kwa ujanja wa jamii hiyohiyo.

Kwa kuwa wewe ni fundi saa, tafuta pia picha za Mashine ya Tofauti Namba 2 ya Mwingereza Charles Babbage, aliyoichora kati ya 1847 na 1849. Yeye alitenganisha kazi mbili. Kwanza magurudumu yote yanajumlisha, na kila linalovuka 9 linaacha alama tu, kikomeo kidogo kimesogezwa. Halafu mikono iliyopangwa kwa mzunguko kama ngazi ya mnara inapita kutoka mamoja kwenda juu, ikigusa kikomeo kimoja baada ya kingine na kubeba pale palipo na alama. Kila nguzo ya magurudumu inashika namba ya tarakimu 31. Babbage hakuijenga. Jumba la Makumbusho ya Sayansi la London lilikamilisha sehemu ya kukokotoa mwaka 1991 na printa mwaka 2002: vipande vipatavyo 8,000, tani 5, na inafanya kazi. Wanaosema michoro yake ilikuwa ndoto wamejibiwa kwa chuma na shaba.

Naomba mnimalizie ubishi: kompyuta ya kwanza ni ipi? – Mwanafunzi, Moshi

Inategemea umeuliza ya kwanza kwa lipi. Iliyofuata programu na kufanya kazi kweli: Z3 ya Konrad Zuse, Berlin, 1941, iliyotumia rilei, yaani swichi zinazovutwa na sumaku ya umeme. Ya kielektroniki ya kuvunjia siri za vita: Colossus, Bletchley Park huko Uingereza, kazini tangu 1944, na ilifichwa hadi miaka ya 1970, ndiyo maana vitabu vya zamani haviitaji. Ya kielektroniki ya kazi zozote: ENIAC, Philadelphia, iliyooneshwa hadharani Februari 1946. Iliyohifadhi programu ndani ya kumbukumbu yake: ile ndogo ya Manchester, iliyoendesha programu yake ya kwanza tarehe 21 Juni 1948, ikachukua dakika 52. Marekani ubishi huo ulifika mahakamani, na mwaka 1973 hataza ya ENIAC ikafutwa. Anayekwambia jibu ni moja hajakuuliza swali vizuri.

Nasoma kwamba ENIAC ilikuwa na vali 18,000 hivi, zile taa za kioo za kuongozea umeme. Redio ya marehemu babu ilikuwa na vali tano na ilikuwa haikai bila kuharibika. Mashine ile iliwezaje kufanya kazi? – Msomaji, Dar es Salaam

Hesabu yako ya wasiwasi ni sahihi. Tuseme vali moja inadumu kwa wastani wa saa 2,500. Ukiwa nazo 18,000, inakufa moja kila dakika nane. Wahandisi wengi wa wakati ule walitabiri hivyohivyo.

J. Presper Eckert, mhandisi mkuu, alifanya mambo mawili yenye maana zaidi. Nyuzi za kupasha moto alizipa umeme pungufu ya kiwango cha kiwandani, zisichoke mapema. Na vali zilitumika kwa kuwaka au kuzima tu. Mzunguko haukutegemea kiasi gani hasa cha umeme kinapita, hivyo vali iliyozeeka kidogo haikuharibu jibu. Redio ya babu haikuwa na nafasi hiyo, vali ikidhoofika sauti inabadilika.

Baadaye waligundua kwamba vali nyingi hufa wakati wa kuwasha na kuzima, joto linapobadilika ghafla. Dawa ikawa kutoizima. Hitilafu zikashuka hadi vali moja kwa siku mbili hivi, na kwa kuwa mashine ilijengwa kwa vipande vya kuchomoa, waliweza kulipata lenye kasoro ndani ya dakika 15 hivi. Mwaka 1954 ilikwenda saa 116 mfululizo bila hitilafu.

Ugumu mkubwa ulikuwa kuipa kazi mpya: hakukuwa na programu ya kupakia, ila nyaya za kuchomeka na swichi za kugeuza, kazi ya siku kadhaa. Waliofanya hivyo mwanzoni ni wanawake sita, akiwemo Kay McNulty na Betty Jennings, nao walijifunza mashine kutoka kwenye michoro.

Nilianza kazi ya uhasibu enzi za kadi za matundu. Vijana hawaniamini nikiwaambia kwamba herufi ilikuwa tundu. Waelezeni. Na ni kweli serikali iliwahi kupiga marufuku kompyuta? – Mstaafu, Tanga

Shikamoo mzee wetu. Vijana na wasikie: kadi ya IBM ya mwaka 1928 ina safu wima 80, na kila safu ina nafasi 12. Juu kabisa ni 12, chini yake 11, kisha 0 hadi 9. Tarakimu ni tundu moja. Herufi ni matundu mawili, moja la kanda na moja la tarakimu: A hadi I ni 12 pamoja na 1 hadi 9, J hadi R ni 11 pamoja na 1 hadi 9, S hadi Z ni 0 pamoja na 2 hadi 9. TANGA, basi, inatobolewa 0-3, 12-1, 11-5, 12-7, 12-1.

Hofu kubwa ilikuwa kuangusha mkungu wa kadi. Wajanja walipiga mstari wa mshazari kwa kalamu juu ya ukingo wa mkungu uliopangwa, ili kadi iliyohama ionekane mara moja. Wenye nidhamu zaidi walitoboa namba za mfululizo safu ya 73 hadi 80, na mashine ya kupanga ikazirudisha safu kwa safu, ikianza na ya 80. Ukianza na ya 73 unavuruga kila ulichopanga. Adui wa pili mnamjua watu wa pwani: unyevu. Kadi inavimba, inapinda, na kisomaji kinaitafuna.

Ni kweli. Kompyuta ya kwanza ya serikali ya Tanzania, ICT 1500, iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya matatizo ya kuhamishia hesabu za serikali kwenye kompyuta, uingizaji wa kompyuta nchini ulipigwa marufuku, ukaja kulegezwa baadaye.

Mimi nafunga kamera za ulinzi. Nasikia mwaka 2038 vifaa vya zamani vitachanganya tarehe. Ni uzushi au? – Fundi, Kariakoo

Si uzushi, na chanzo chake ni kilekile cha swali la fundi saa: kubeba moja.

Ndani ya prosesa kila biti, yaani tarakimu ya 0 au 1, ina kijumlishi chake, kinachopokea biti mbili na kilichobebwa kutoka kulia. Ukiviunga mfululizo, cha 64 kinawasubiri wenzake 63. Tuseme kila lango, yaani kisakiti kidogo cha kuamua 0 au 1, linachukua sekunde za piko 10 (piko ni sehemu moja ya trilioni) na kila hatua ina malango mawili: jumla 1,280. Saa ya prosesa ya GHz 3, yaani inayopiga mara bilioni 3 kwa sekunde, inakipa takriban 333 tu kila pigo. Kwa hiyo mzunguko unatazama mbele. Biti mbili zikiwa 1 na 1, nafasi hiyo itabeba kwa vyovyote. Ikiwa moja tu ni 1, itapitisha kilicholetwa. 0 na 0 inakata. Hayo yanajulikana kwa nafasi zote kwa wakati mmoja, kabla ya jibu lolote. Unayakusanya kwa makundi ya nne, kumi na sita, sitini na nne, na ngazi tatu zinatosha.

Mwendo umetatuliwa, ukubwa wa namba haujatatuliwa. Vifaa vingi vinahesabu muda kwa sekunde tangu 1 Januari 1970, na vya zamani vinatumia biti 32, ya kwanza ikiwa ya alama ya chanya au hasi. Kiwango cha juu ni 2,147,483,647, yaani 0 ikifuatiwa na 1 thelathini na moja. Kwa saa za Afrika Mashariki namba hiyo inafika Jumanne, 19 Januari 2038, saa 12 asubuhi, dakika 14 na sekunde 7. Sekunde inayofuata, 1 inabebwa nafasi zote 31 na kuangukia kwenye alama. Namba inakuwa hasi, na tarehe inaruka hadi 13 Desemba 1901.

Kupima: kata intaneti, zima ulinganishaji wa saa wa moja kwa moja, weka tarehe 19 Januari 2038 saa 12:13 asubuhi (kwenye kifaa ni 06:13), subiri dakika mbili. Kama menyu yenyewe inakataa mwaka unaozidi 2037, umeshapata jibu. Usipime kwenye kinasa chenye picha za mteja: kifaa kinachofuta rekodi za zamani kitaziona zote zimepitwa na wakati. Chomoa diski kwanza, au weka tupu.