Ndege nusu tupu na bado wanakataza kuhama viti: jibu kutoka kwa mpakia mizigo

Mkuu, umeuliza kwa nini mhudumu aliwakatalia kuhamia viti vya mbele ilhali ndege yenu ya kwenda Mwanza ilikuwa nusu tupu, ukahitimisha kuwa ni roho mbaya tu. Mimi nimepakia mizigo uwanja wa Dar, baadaye nikawa kiongozi wa zamu, kwa hiyo nakujibu kutokea huko chini kwenye buti la ndege.

Kabla ya kuruka, rubani hukabidhiwa karatasi yenye mambo mawili makubwa: ndege ina kilo ngapi, na kilo hizo zimekaa wapi. La kwanza kila mtu analielewa. La pili ndilo lenye kesi. Uzito ukiegemea nyuma kupita kiasi, pua huinuka upesi na inaweza kugoma kushuka hata rubani akisukuma usukani mpaka mwisho. Ukiegemea mbele mno, anavuta na pua inabaki chini huku njia ya kurukia inamwishia. Kwenye ndege kubwa watu wawili wakihama si kitu. Kwenye ATR au Dash 8, zile ndege ndogo za mapanga, akihama mmoja watafuata kumi, maana sisi tunajuana, na karatasi ya rubani inakuwa ya uongo.

Nyingi ya hizo ndege zina sehemu ya mizigo mbele na nyingine nyuma. Kuna siku mvua ilikuwa inamwagika, vijana wakasimamisha tela mlango wa nyuma na kumalizia kila kitu hapohapo, wakati maelekezo yalitaka maboksi ya vipuri yawe mbele. Niligundua nilipohesabu kwa kila mlango. Kuhesabu jumla kusingenisaidia, kwa sababu jumla ilikuwa sahihi kabisa! Nikaagiza tushushe. Ofisa mmoja akanijia juu: "Si kilo ni zilezile?" Abiria nao wanatukodolea macho madirishani, ratiba imevurugika, na mimi ndiye mbaya wao. Tukahamisha, ndege ikaondoka.

Kilo zilezile ndizo zinazoua. Mwaka 2003 huko Charlotte, Marekani, Beechcraft 1900D ilianguka mara tu baada ya kuruka, wakafa watu 21. Mafundi walikuwa wamekosea kurekebisha nyaya za usukani wa mkiani, hivyo rubani hakuweza kuishusha pua ipasavyo, na juu ya hapo ndege ilizidi uzito na ulielemea nyuma. Mwaka 2013 Bagram, Afghanistan, Boeing 747 ya mizigo ilibeba magari ya deraya ambayo hayakufungwa vizuri. Gari likachomoka, likarudi nyuma na kuharibu mifumo inayoongoza ndege. Wote 7 waliokuwemo walikufa.

Na kuna wakati wapakiaji hawana kosa lolote. Kwenye ndege kubwa abiria hawapimwi, wanakadiriwa. Julai 2020, Boeing 737 iliondoka Birmingham, Uingereza, kwenda Palma de Mallorca ikiwa nzito kwa kilo 1,244 kuliko karatasi ilivyosema. Programu iliwachukua wanawake wote waliojiandikisha "Miss" (yaani bi asiyeolewa) kuwa watoto: kilo 35 kila mmoja badala ya 69. Walikuwa 38. Walifika salama, lakini wachunguzi waliliandika kuwa tukio zito, na mimi nawaunga mkono. Programu ikikosea, hakuna wa kunusa kosa kama yule kijana anayebeba begi kwa mkono.

Ndiyo maana kwenye Cessna Caravan, vile vindege vya kwenda mbugani, wana ukali na mzigo: kilo 15 na begi laini, na usishangae ukiambiwa upande mzani wewe mwenyewe. Dada zetu hukasirika, lakini ndege ya watu kumi na wawili haivumilii makadirio. Hata ikiwa imesimama, Caravan huwekewa nguzo chini ya mkia wakati wa kupakia isije ikakaa kitako.

Kwa hiyo mkuu, ukiwa bado chini, kaa kiti ulichopewa. Ndege ikishapaa na taa ya mkanda ikazimwa, muombe mhudumu, mara nyingi anakubali. Akikataa na hapo bila kukupa sababu, njoo tulalamike wote.