Nyumba baridi, vitenge vyaota koga

SWALI: Shikamoo mzee fundi. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Louisville, Kentucky, mwaka wa tatu sasa, kwenye nyumba ya kupanga ya futi za mraba 1,100. Mwaka jana mwezi wa tano mwenye nyumba alitufungia mashine mpya ya tani 4, inayotoa baridi na joto. Kiangazi hiki nimeiweka nyuzi 68 za Fahrenheit, kama 20 za Selsiasi. Inawaka dakika saba, inazima, na nyumba inakuwa baridi kweli, lakini mwili unanata, shuka mbichi, na vitenge vyangu kabatini vimeota koga. Nikaacha feni izunguke usiku na mchana ili kukauke, wapi! Na bili ya umeme ya Januari ilinitoa machozi. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mimi ni mtu wa Tanga. Kule kaskazi ikishika, shati linakuganda mgongoni kabla hujafika barabarani, lakini angalau adui ni mmoja mwaka mzima. Kentucky wana wawili: Julai fukuto kama la pwani, Januari usiku unashuka chini ya sifuri ya Selsiasi.

Kosa la kwanza si lako. Tani moja ya kiyoyozi ni uwezo wa kuondoa BTU (kipimo cha joto) 12,000 kwa saa, kwa hiyo umefungiwa 48,000. Kwa nyumba kama yako mimi ningeanza na makisio ya tani 2, kisha nikapiga hesabu ya madirisha, kuta na dari kabla ya kununua chochote. Watu hudhani kubwa ndiyo bora. Ile koili ya ndani, bomba la baridi lililojikunja, ni kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji: hewa ikiigusa, inatoa jasho, na jasho hilo ndilo unyevu wa nyumba yako unaotakiwa kutiririka hadi nje. Hiyo kazi inataka muda. Mashine yako inapoza upesi, thamostati, kile kidude cha ukutani unachowekea nyuzi, inaridhika, inazima kabla matone hayajaanza kudondoka. Halafu feni uliyoiacha inazunguka inayapuliza yaleyale matone yarudi chumbani! Leo hii irudishe kwenye AUTO, izunguke mashine ikifanya kazi tu.

Pandisha pia hadi 75. Najua utaniona mzee nimechanganyikiwa, lakini ukipoza hadi 68 wakati hewa ya nje imejaa maji, hewa hiyo ikipenya hugeuka umande nyuma ya kabati. Nunua kipimo kidogo cha unyevu. Kikisoma zaidi ya asilimia 60, koga inafurahi. Lenga 50. Kwa mashine kubwa kama hiyo utahitaji pia mashine ya kukausha hewa, ile yenye ndoo. Siku ya kwanza utamwaga maji hadi ushangae.

Kisha mwombe mwenye nyumba achungulie uvungu wa nyumba, nafasi iliyo kati ya sakafu na udongo, kama upo. Niliwahi kutambaa kwenye uvungu mmoja nikakuta udongo mtupu, umelowa, na mfereji wa hewa umepasuka, unavuta harufu ya kaburi kuipeleka chumba cha watoto. Nailoni nene juu ya udongo wote, na mfereji uzibwe. Hiyo ni gharama yake, si yako.

Januari sasa. Nakisia mkitoka kazini mnaikuta nyumba imepoa, mnapandisha hadi 78 kwa mkupuo. Mashine ya baridi na joto kama yako, yaani pampu ya joto, huokota joto la nje na kuliingiza ndani, kwa hiyo uniti moja ya umeme inaweza kukupa mbili au tatu za joto. Ukiishtua hivyo, inawasha msaidizi wake, nyaya za kuchemka kama za pasi, ambazo kwa uniti moja ya umeme hutoa moja tu ya joto. Iache 68 mchana na usiku. Hewa yake ni vuguvugu, haichomi mkono; haijaharibika. Na asubuhi ya barafu ukiona mvuke unapanda kutoka mashine ya nje, inayeyusha barafu yake. Usiite zimamoto. Jiko la mkaa ndani, hata siku moja: moshi wake usioonekana unaua watu wakiwa usingizini.

Vitenge vifue, uvianike juani, na usivirudishe kabatini mpaka kipimo kishuke.