Ufeministi wa kimataifa au unaovuka mipaka?

Swali: Naandika tasnifu kuhusu harakati za wanawake duniani na nafasi ya mwanamke wa Ulimwengu wa Tatu. Msimamizi amekata "ufeministi wa kimataifa" akaandika "ufeministi unaovuka mipaka". Mi naona ni yale yale, na hilo lake linasikika kama tusi. Nani yuko sahihi?

Jibu: Msimamizi yuko sahihi, ila sikio lako nalo halijakudanganya. Kimataifa imebeba taifa ndani yake, ukilitamka tu umeshaketisha serikali mezani, kila moja na bendera yake. Angalia mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake, Beijing 1995: kikao cha serikali kilichotoa Azimio la Beijing kuhusu haki za wanawake kilikuwa wa kimataifa kwelikweli, lakini siku hizohizo kule Huairou, nje ya mji, kulikuwa na jukwaa la asasi za kiraia na wanawake walikuwa wanakutana wao kwa wao bila kungoja serikali zao ziwasemee. Hicho cha Huairou ndo kinatafutiwa jina. Tena jina hilo linatakiwa litukumbushe kuwa hata wanawake wenyewe hawalingani, kuna wenye pesa na sauti na kuna wanaosemewa tu, na kimataifa inalifunika hilo kabisa.

Sasa hiyo mipaka. Kwenye mazungumzo ya kila siku ukiambiwa umevuka mipaka ujue umekosa adabu, na wanawake wanaodai haki wameambiwa hivyo mara nyingi mno, kwa hiyo usiliache neno peke yake. Andika "ufeministi unaovuka mipaka ya nchi", tusi linaondoka.

Kingine hujauliza ila siwezi kukiacha, huyo "mwanamke" wako wa umoja. Kiswahili kinaruhusu, tunasema mkulima tukimaanisha wakulima wote. Lakini 1984 Chandra Talpade Mohanty, msomi wa kifeministi mzaliwa wa India, alikosoa vikali maandishi ya kifeministi ya Magharibi kwa kumchora mwanamke wa Ulimwengu wa Tatu kama mtu mmoja tu, maskini, mdhulumiwa, popote alipo ni yuleyule. Kwa hiyo andika wanawake, kisha taja ni wa wapi na wanadai nini, mfano wale wa Argentina walioanzisha harakati za Ni Una Menos 2015, yaani asipungue hata mmoja, kupinga mauaji ya wanawake, na wale wa Peru waliolichukua neno hilohilo 2016 wakaandamana kupinga ukatili dhidi ya wanawake wa kwao.

Na "harakati za" hukukosea, usikubali mtu akubadilishie iwe "harakati ya".