Spika nne, amplifaya moja: hesabu omu kabla hujaunga waya

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, nimeongeza spika mbili nyumbani, sasa amplifaya inachemka hadi haishikiki, na baada ya nusu saa inajizima. Nifanyeje?" Roho iliniruka, maana huo ndio ugonjwa ulioua amplifaya yangu ya kwanza. Ndugu yangu, izime sasa hivi. Zitoe hizo mbili ulizoongeza, halafu tuzungumze.

Nilikuwa na spika mbili za omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani, yaani jinsi spika inavyozuia umeme kupita), nikapata nyingine mbili za aina ileile. Nikaona kazi ni nyepesi: mbili kushoto, mbili kulia, waya zote kwenye matundu yaleyale. Sauti ikajaa chumba, nami nikajiona fundi. Sikujua kwamba spika mbili za omu 8 ukiziunga sambamba, chanya na chanya, hasi na hasi, ukinzani unashuka hadi omu 4, na mkondo wa umeme unaovutwa kwenye amplifaya unakuwa maradufu. Nyuma yake, juu ya matundu ya waya, paliandikwa kwa herufi ndogo: omu 8 hadi 16. Wiki ya tatu nikasikia harufu ya kuungua, upande wa kulia ukanyamaza.

Nikaipeleka kwa fundi. Akaifungua, akanionyesha transista zilizopasuka, kisha akawageukia waliokuwepo akasema watu kama mimi ndio wanaomlisha. Wakacheka. Miaka imepita, lakini kicheko kile bado kinaniuma, kwa sababu sikuwa mzembe. Hakuna aliyewahi kunifundisha. Ndiyo maana mtu akiniuliza habari za waya, hata liwe swali la mwanzo kabisa, namjibu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mbili za omu 8 kwa mfululizo, yaani hasi ya kwanza inaingia chanya ya pili, zinakuwa omu 16. Amplifaya inapumua, ila sauti inapungua. Ukiwa na nne upande mmoja, unga mbilimbili kwa mfululizo, kisha jozi hizo mbili ziunge sambamba: unarudi kwenye 8. Kwa mfululizo tumia spika zinazofanana, la sivyo moja itabeba mzigo kuliko mwenzake. Na ukipima spika ya omu 8 kwa mita ya umeme ikasoma 6 na kitu, usishtuke. Mita hiyo inapima waya wa koili ya ndani tu, si spika ikiwa inapiga muziki.

Kosa la pili lilinichukua muda mrefu zaidi kuligundua, kwa kuwa haliunguzi kitu. Besi yangu ilikuwa nyembamba, na sauti ya mwimbaji haikukaa katikati. Ilielea tu chumbani kama inatoka ukutani. Nililaumu spika, nikalaumu chumba, nikahamisha makochi. Usiku mmoja nikachukua betri ya volti 1.5, nikagusisha ncha za waya wa spika ya kushoto kwa sekunde moja: koni, ile sehemu ya mbele inayotikisika, ikaruka mbele. Ya kulia, koni ikarudi ndani. Nikagusa tena nikiwa nimepiga magoti, tochi mdomoni. Ikarudi ndani. Kumbe muda wote ule moja ikisukuma hewa nyingine ilikuwa inaivuta, na besi zikafutana. Nikageuza waya mbili. Wimbo uleule, kiwango kilekile cha sauti, na besi ikanigonga kifuani.

Kwa hiyo weka alama kwenye waya. Waya nyingi zina mstari upande mmoja. Amua mstari ni chanya, na usibadili milele. Weka alama hata kama una hakika utakumbuka.

Unene wa waya nitaupitia haraka. Spika ikiwa mita 10 kutoka kwenye amplifaya, umeme unasafiri mita 20 kwenda na kurudi. Shaba ya milimita mraba 0.75 inakula karibu omu 0.46 njiani, ya 2.5 inakula 0.14. Hiyo ya 2.5 inatosha. Usipoteze fedha kwa waya wa maajabu.

Sasa furaha yangu ya wiki iliyopita. Zile spika mbili zilizoniletea msiba nimeziweka nyuma ya kiti, nimeziunga kwa mfululizo, ncha moja kwenye chanya ya kushoto, ncha ya pili kwenye chanya ya kulia. Hasi za amplifaya sikuzigusa. Mbinu hii inajulikana kwa jina la David Hafler, Mmarekani, mmoja wa waanzilishi wa Dynaco, kampuni ya vifaa vya sauti. Spika za nyuma zinatoa tofauti tu kati ya kushoto na kulia: mwimbaji aliye katikati anapotea, vinabaki mwangwi na makofi ya ukumbini. Nilipiga rekodi ya tamasha nikasikia watu wakipiga makofi nyuma ya kichwa changu. Lakini uhakikishe kwanza kwamba hasi za pande zote mbili za amplifaya yako zimeunganishwa pamoja ndani yake. Amplifaya ndogo nyingi za siku hizi haziko hivyo, na ukijaribu utaziua.

Wewe uliyeniandikia, soma maandishi ya nyuma ya amplifaya yako, kisha yale ya spika zote nne, unitumie namba hizo. Amplifaya ibaki imezimwa hadi nikujibu.